Kwa nini diski inasimama haraka mno kwenye kompyuta kuliko kwenye mtambo

Swali: Nimeandika programu ya kuiga breki ya sumaku kwenye diski ya alumini yenye kipenyo cha 300 mm na unene wa 5 mm. Ncha mbili za chuma za mviringo, kila moja kipenyo 40 mm, zinatazamana juu na chini ya diski. Vitovu vyake viko 100 mm kutoka kwenye mhimili, na pengo kati yake ni 8 mm. Diski ikiwa imesimama, koili inatoa tesla 0.3 kwenye pengo hilo. Ninaanza na mizunguko 1500 kwa dakika. Kwenye kompyuta kasi inashuka hadi asilimia 1 kwa takriban nusu sekunde, lakini kwenye mtambo wenyewe inachukua karibu sekunde nzima. Nimekaza meshi (mtandao wa elementi, yaani vipande vidogo vinavyoigawa diski kwa hesabu) mara kadhaa, jibu ni lile lile. Nilipohamia modeli ya pande tatu, uga ukaanza kuyumba juu na chini kutoka elementi moja hadi nyingine. Nimekosea wapi? Na je, ni lazima nizungushe meshi?

Jibu: Meshi ya ile programu ya kwanza haina kosa. Inatatua sawasawa kabisa tatizo ambalo silo la diski yako. Ulipoandika B = 0.3 chini ya ncha na sifuri kwingineko, uliiambia kompyuta kwamba uga huo haubadiliki hata diski ifanye nini. Kumbe mikondo inayozuka ndani ya alumini, yaani mikondo ya Foucault, nayo hutengeneza uga wake, na kwa kasi unayoanzia uga huo wa pili si mdogo hata kidogo. Kabla ya kugusa modeli ya pande tatu, chukua kalamu na karatasi, kwa sababu tatizo lako zima linaonekana hapo.

Kwa kasi ndogo, ncha ya mviringo juu ya diski nyembamba ina jibu kamili la hesabu:

T = ½ · σ · d · B² · πp² · m² · ω · [1 − (p/a)² / (1 − m²/a²)²]

Hapa T ni momenti ya breki (nguvu ya kuzungusha inayopinga mwendo), B uga wa sumaku chini ya ncha, σ ni upitishaji umeme wa diski, d unene wake, a nusu kipenyo chake, p nusu kipenyo cha ncha, m umbali wa ncha kutoka kwenye mhimili, na ω kasi ya mzunguko kwa rediani kwa sekunde. Ile nusu ya mwanzo inatokana na mkondo kulazimika kurudi kwa kupita nje ya eneo la ncha. Mabano ya mwisho ni adhabu ya ukingo wa diski kuwa karibu: njia ya kurudi inabanwa. Kwa vipimo vyako mabano yanatoa 0.942, kwa hiyo ukingo unakunyang'anya chini ya asilimia 6 tu. Ukiweka σ = 3.5 × 10⁷ S/m, ambayo ni ya alumini iliyo karibu na safi, unapata T = 0.0933 × ω, kwa Nm.

Inesha (ukinzani wa diski dhidi ya kubadilishwa kasi ya mzunguko) ya diski pekee ni 0.0107 kg·m², maana uzito wake ni kama kilo 0.95. Gawanya inesha kwa 0.0933, unapata sekunde 0.115. Kushuka hadi asilimia 1 kunachukua muda huo mara 4.6, yaani sekunde 0.53. Hiyo ndiyo nusu sekunde yako. Programu yako, pamoja na meshi yake yote, imerudia mstari mmoja wa hesabu, na imeurudia vizuri. Usiitupe, kwa sababu utaihitaji kama kipimo cha kukagulia modeli kubwa.

Sasa angalia uga wa mikondo yenyewe. Kipande cha alumini kinapoingia chini ya ncha, mikondo huzuka kupinga uga unaoongezeka, na kinapotoka, huzuka kuzuia uga usipungue. Matokeo yake uga unapungua upande wa kuingilia na kuongezeka upande wa kutokea, kana kwamba diski inauburuta. Kasi ambayo jambo hili linakuwa kubwa inapimwa kwa 2/(μ₀σd), μ₀ ikiwa upenyekaji wa sumaku wa ombwe, ambayo kwako ni mita 9.1 kwa sekunde. Ncha za chuma zinaishusha zaidi, kwa sababu chuma kinaupa uga wa mikondo njia rahisi ya kupita. Kanuni ya makadirio inayotumika sana kwa ncha za chuma, iliyotolewa na mtafiti Wouterse mwaka 1991, ni hii:

v_k = (2 / μ₀σd) · √(x / (c·D))

T = 2 · T_k / (ω/ω_k + ω_k/ω)

v_k ni kasi ya diski chini ya ncha ambapo momenti inafika kilele, ω_k ni kasi hiyo hiyo kwa rediani kwa sekunde, x ni pengo la hewa kati ya ncha (8 mm, diski ikihesabiwa ndani yake), D ni kipenyo cha ncha, na c ni ile nusu ikizidishwa kwa mabano, yaani 0.471. Inakuja v_k = 5.9 m/s, sawa na rediani 59 kwa sekunde, au mizunguko 565 kwa dakika. Wewe unaanza na rediani 157, mara 2.65 ya kasi hiyo. Momenti kubwa kabisa ambayo breki yako inaweza kutoa, T_k, ni 2.76 Nm. Kwenye mizunguko 1500 inatoa 1.8 Nm tu, wakati programu yako inadai 14.6. Imezidisha mara nane.

Ukikokotoa muda kwa mkunjo huu:

t = (sekunde 0.115) · [(x₀² − x₁²)/2 + ln(x₀/x₁)]

ambapo x₀ na x₁ hapa ni kasi ya mwanzo na ya mwisho zikigawanywa kwa ω_k, unapata sekunde 0.93, na nusu yake inaishia kwenye kushuka tu kutoka 1500 hadi 565. Hicho ndicho mtambo wako unachokuambia. Kanuni yenyewe ni ya makadirio, v_k inaweza kuteleza kidogo, kwa hiyo itumie kujua uko upande gani wa kilele. Thamani kamili ni kazi ya modeli ya pande tatu.

Kuna jambo moja katika kanuni hizi ambalo watu hulipita. σ na d hazimo kwenye T_k. Diski inayopitisha umeme vibaya zaidi haipunguzi kilele, inakisogeza tu kwenye kasi kubwa. Ukibadilisha alumini safi kwa aloi ya 6061, yenye σ ya karibu 2.5 × 10⁷, kilele kinahamia kwenye mizunguko 790 hivi, na momenti kwenye mizunguko 1500 inapanda kutoka 1.8 hadi 2.3 Nm. Kwa hiyo anayetaka kuvunja kasi kubwa hana haja ya kukimbilia shaba.

Tuje kwenye modeli ya pande tatu. Usizungushe meshi. Diski yako ni ya mviringo kamili, haina matundu wala mipasuko, kwa hiyo ikizunguka umbo lake haliachi nafasi yake. Ukiitazama kutoka kwenye ncha zilizosimama, kila kitu kimetulia: uga hauna mabadiliko kwa wakati, mikondo iko mahali pamoja. Kwa kila kasi unatatua tatizo moja tulivu, na mwendo unaingia kama neno la ziada kwenye mkondo:

J = σ(−∇V + v × B), ambapo v = ω(−y, x, 0) na B = ∇ × A

pamoja na ∇ × (∇ × A / μ) = J + J ya koili. J ni msongamano wa mkondo, V volteji, A potenshali ya sumaku, v kasi ya kila nukta ya diski, na μ upenyekaji wa sumaku wa mahali husika. Tofauti yote na programu yako ya kwanza ni kwamba B iliyo kwenye v × B ni ile ile inayotafutwa, ikiwa na mchango wa mikondo ndani yake.

Kosa baya zaidi hapa ni kufanya yote mawili, yaani kuzungusha meshi na kuacha neno la v × B mahali pake. Mwendo unahesabiwa mara mbili, na jibu linatoka likiwa na sura ya kuaminika, ndiyo maana halikamatwi. Meshi inayozunguka ni ya diski yenye matundu au vijiti. Hapo v × B inaondolewa, unatatua kwa wakati, na hatua ya wakati isizidi muda wa elementi moja kupita nyingine kwenye mpaka unaoteleza. Ukitaka hatua 360 kwa mzunguko, kwa mizunguko 1500 kwa dakika ni sekunde 0.00011 kila hatua. Ni gharama kubwa ya kulipia kitu ambacho diski yako haina.

Ule uga unaoyumba kutoka elementi hadi elementi unatoka kwenye neno hilo hilo la mwendo. Elementi za kawaida zinavumilia mwendo ikiwa μ₀σvh/2 iko chini ya 1, h ikiwa ni urefu wa elementi kwa upande wa mwendo. Kwa alumini yako μ₀σ ni karibu 44, na chini ya ncha v ni 15.7 m/s, hivyo h isizidi 2.9 mm. Kwenye ukingo wa nje, ambako kasi ni 23.6 m/s, isizidi 1.9 mm. Ikiwa ulikuwa na elementi za milimita 6 au 8, mawimbi hayo ni lazima yatokee, na hayana uhusiano wowote na fizikia. Kuna programu zenye mbinu ya uimarishaji inayoyafuta. Itumie ukipenda, ila ujue inafanya kazi kwa kuongeza mtawanyiko wa bandia, na momenti kwenye kasi kubwa inaweza kusogea. Kwa diski ya ukubwa huu kukaza meshi ndiyo dawa ya haki. Kaza eneo la ncha pamoja na sehemu inayolifuata kwa upande wa mzunguko, kwa sababu mikondo inaburutwa kuelekea huko. Upande wa pili wa diski unaweza kubaki mkubwa zaidi, maana uga pale ni mdogo sana.

Kwa upande wa unene, kina cha kupenya (umbali ambao uga unaobadilika unafika ndani ya alumini) kwa kasi yako ya mwanzo ni kama 6 mm, kikubwa kuliko unene wa diski lakini hakijauacha mbali. Weka tabaka nne za elementi katika ile 5 mm. Tabaka moja linaonekana kutosha kwenye kasi ndogo, kisha linapotosha taratibu bila kelele.

Mipaka inaua modeli nyingi kuliko meshi. Kwenye uso wa diski sharti ni kwamba mkondo hautoki nje, yaani J iliyo wima kwa uso ni sifuri. Hilo si sawa na kusema kinyambuo cha V ni sifuri. Ukiandika umbo dhaifu (mlinganyo ukizidishwa kwa vitendakazi vya majaribio na kujumlishwa) la ∇·J = 0 na kuweka v × B ndani yake, sharti linakuja lenyewe. Ukitumia tofauti za nodi na ukaandika ∂V/∂n = 0 kwa mkono, unakosea popote ambapo uga unafika ukingoni. V ifungwe kwenye nodi moja tu, kwa sifuri, la sivyo matriksi haina jibu moja. Kisanduku cha hewa kiwe angalau mara tatu ya ukubwa wa diski na fremu ya chuma zikiwa pamoja. Ili kuhakikisha, kiongeze kwa nusu uone kama momenti inasogea.

Unaweza kukata modeli katikati ya unene wa diski na kutatua nusu ya juu. Kwenye bapa hilo uga unapita wima, kwa hiyo sharti la A ni la asili: huandiki chochote. Wengi huweka A sambamba = 0 kwa mazoea ya mpaka wa nje. Ukifanya hivyo umeziba njia ya uga, na momenti itakuja karibu sifuri. Kisha usisahau kuzidisha momenti mara mbili.

Chuma cha fremu hakikusumbui. Kwa tesla 0.3 kiko mbali na kushiba, hivyo μr (upenyekaji wa chuma ukilinganishwa na wa ombwe) isiyobadilika, tuseme 1000, inatosha. Na kwa kuwa fremu imesimama ndani ya uga tulivu, haina mikondo yoyote, hata kama ni ya chuma kizima kisicho cha mabati. Hilo linabadilika pale tu unapowasha koili.

Matriksi ya tatizo hili haina ulinganifu, na sababu ni neno la v × B. Solva (sehemu ya programu inayotatua matriksi) ya aina ya CG, ambayo inadai ulinganifu, itakwama au itatoa upuuzi. Tumia ya moja kwa moja kama kumbukumbu inatosha, au GMRES, solva ya kurudiarudia isiyodai ulinganifu. Ikisuasua, ipe hewa upitishaji mdogo wa bandia wa 1 S/m. Ni chini ya alumini kwa mara milioni 35, haugusi momenti, lakini unaituliza solva. Programu za Elmer na GetDP, zote za bure, zinaweza kazi hii bila kukulazimisha kuandika elementi zako mwenyewe.

Momenti ipate kwa kujumlisha ndani ya ujazo wa diski x·f_y − y·f_x, f ikiwa J × B. Lazima iwe hasi ω ikiwa chanya. Ikija chanya, ishara ya v au ya mpangilio wa J × B imegeuka, na diski yako itaongeza kasi hadi namba zilipuke. Njia ya mkazo wa Maxwell juu ya uso uliofungwa nayo ni halali, ila inategemea sana ubora wa meshi kwenye pengo jembamba la 1.5 mm lililobaki kila upande.

Kisha kagua nguvu. Jumla ya J²/σ katika diski yote lazima ilingane na T × ω. Kwa mizunguko 1500 tegemea wati 280 hadi 290 hivi. Ukaguzi huu unakamata ishara iliyogeuka, sehemu ya diski iliyosahaulika, nusu ya modeli isiyozidishwa. Ila haukamati meshi mbovu, na hapa watu hudanganyika. Elementi za aina ya Galerkin, yaani zile za kawaida za umbo dhaifu, zinatimiza usawa huo zenyewe, hata meshi ikiwa ya elementi kumi. Ukiona namba mbili zinalingana hadi tarakimu ya sita, usijipongeze kwa usahihi. Kwa meshi, tumia ile kanuni kamili ya mwanzo. Tatua kwa ω = 2, na uga uliofungwa kwa 0.3 ndani ya duara la 40 mm, ulinganishe na 0.187 Nm. Ukishapata hilo ndani ya asilimia 1, fungua uga ujitafute wenyewe, kisha punguza h kwa nusu kwenye ω = 157 uone momenti inasogea kiasi gani.

Kutoka hapo kazi inakuwa nyepesi. Tatua kasi kumi na mbili hivi, zilizosongamana karibu na kilele: 2, 5, 10, 20, 30, 45, 60, 75, 95, 120, 140, 160. Tengeneza jedwali la T dhidi ya ω, kisha tatua I·dω/dt = −T(ω) kwa Runge-Kutta, njia ya kusogea hatua kwa hatua katika wakati, na hatua ya milisekunde 1. Kati ya nukta tumia mkunjo usiopindukia. Polinomia ya daraja la kumi na moja itakuchorea vilima ambavyo havipo. Jedwali linakubalika kwa sababu mikondo inajipanga ndani ya milisekunde chache, wakati kasi inabadilika kwa mamia ya milisekunde. Joto nalo unaweza kuliacha: diski nzima ina jouli 132 za mwendo, zinazoipasha wastani wa digrii 0.15. Breki inayofanya kazi mfululizo ni habari nyingine, maana kila digrii 10 zinapunguza upitishaji wa alumini kwa karibu asilimia 4 na kilele kinahama.

Ikiwa unawasha koili diski ikiwa tayari inazunguka, ongeza mlinganyo wa saketi. Koili yenye chuma inaweza kuchukua makumi ya milisekunde, hata zaidi, kufikisha mkondo wake, na muda huo unaonekana wazi katika sekunde moja ya kusimama. Na usitegemee ω ifike sifuri: momenti inakwisha pamoja na kasi, breki hii haishikilii kitu. Mizunguko ya mwisho ni ya beringi, kwa hiyo ongeza msuguano wake kwenye mlinganyo, la sivyo diski ya kompyuta itatambaa milele.

Unapolinganisha na mtambo, acha kulinganisha muda wa jumla, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana humo. Weka alama 60 kwenye ukingo wa diski, rekodi muda wa kila alama, na uchore dω/dt dhidi ya ω. Kwanza izungushe bila breki ili upate msuguano wa beringi na uutoe, lakini ondoa fremu ya chuma kabisa wakati huo, kwani sumaku inayobaki kwenye chuma baada ya kuzima koili inavunja kidogo. Mkunjo wako utaanza karibu na 170 rad/s², upande hadi kama 257 kwenye ω ya 59, kisha uporomoke kuelekea sifuri. Diski ambayo kasi yake inashuka kwa ukali zaidi kadiri inavyopunguza mwendo, hadi ifike kilele, ndiyo alama ya kwamba ulianza juu ya kilele.

Kimo kikiwa sawa lakini kilele kikawa kwenye kasi kubwa zaidi, diski yako ni aloi na σ uliyoweka ni ya alumini safi. Kilele kikiwa mahali pake lakini kimo hakilingani, angalia B kwanza, maana inaingia kwa kipeo cha pili: kosa la asilimia 10 kwenye kipima uga ni asilimia 20 ya momenti. Pima sehemu kadhaa chini ya ncha, si katikati tu, kwa sababu uga unalegea kuelekea ukingo wa ncha na kumwagika nje yake. B ikithibitika, tafuta kitovu na shafti ambavyo hukuviingiza kwenye inesha.